Mamba Aliyerudi kwa Posta

Jumanne, 16 Oktoba 1956

Boksi limerudi!

Miaka saba nafunga maboksi ya mamba wadogo kule nyuma ya duka la Bwana Tuttle, wala sijaona hata moja likirudi. Hili limerudi. Kona zimebonyea. Kamba yangu ilifunguliwa na kufungwa tena, fundo la mtu asiyejua kazi. Juu ya mwandiko wangu wamegonga muhuri mwekundu: AMEHAMA, HAJULIKANI ALIKO. Chicago.

Nikajua nakwenda kuona mzoga. Siku kumi na tisa! Nikakata kamba kwa kisu cha machungwa. Zile ndevu za miti nilizomtandikia, zile nyuzi za kijivu zinazoning'inia matawini, zimekauka, zinakatika zikiguswa. Katikati yake kalala mamba, urefu wa kiganja na kidogo, mistari yake ya manjano imefifia. Nikamgusa kwa ncha ya penseli. Jicho likafunguka. Moja tu. Rangi ya asali, ufa mweusi katikati. Akanitazama kama abiria aliyeamshwa kituo ambacho si chake.

Kwa Bwana Tuttle mamba aliyeharibika ana kazi moja. Anakaushwa, anapakwa vanishi, anashikishwa kisahani cha majivu ya sigara, anawekwa rafuni mbele. Watalii wanawapenda hao kuliko walio hai.

Akaniita toka mbele: hilo boksi vipi, Vashti? Nikasema amekufa, bwana, ameanza kunuka. Akasema katupe.

Nikamtupa ndani ya mkoba wangu, chini ya kitambaa cha chakula.

Uongo wangu wa kwanza kwa Bwana Tuttle. Umetoka wenyewe, bila hata kukohoa.

Jumatano, 17 Oktoba

Bi Mozell kamwona. Nyumba ni yake, mimi napanga chumba cha nyuma tu, kwa hiyo ana haki ya kupiga kelele. Akapiga.

"Nini hicho?"

"Mgeni, Bi Mozell."

"Mgeni gani ana mkia? Mwanangu, watu hufuga paka. Watu hufuga kuku. Hata mume mlevi anafugika. Lakini huyu ni mkoba wa mzungu ambao haujashonwa!"

Nikacheka hadi nikashika ukuta. Yeye hakucheka. Akanipa siku mbili.

Uani pale, anapofulia watu nguo, ana mabeseni matatu ya bati: la kufulia, la kusuuzia, la kutilia nguo buluu. La buluu limetoboka ukingoni, halitumii siku hizi. Nikamwomba hilo. Akasema siku mbili ni siku mbili, iwe kwenye beseni, iwe kwenye kitanda cha mfalme.

Jumapili, 21 Oktoba

Siku mbili zimekuwa nne. Hakuna anayezitaja.

Nimetoka kanisani nikaketi kando ya beseni na viatu vya kanisani miguuni. Jua limeingia majini. Mamba amekaa juu ya tofali, kidevu juu, kafumba macho. Nyuma yake kwenye bati bado kuna madoa ya buluu ya miaka yote ile ya mashuka, na akitikisika kidogo anga zima la beseni linatikisika.

Huyu ameona Chicago. Mimi sijavuka Jacksonville! Nimeandika Ohio, nimeandika Michigan, nimeandika mitaa yenye majina ya miti na majenerali — mkono wangu umefika kila mahali, miguu yangu imebaki hapa. Nikajaribu kusafiri naye. Giza la boksi. Magurudumu. Sauti za watu wanaokaribia, wanaondoka. Harufu ya makaa, halafu harufu ya baridi, nayo sijui inanukaje. Mlango unagongwa. Hakuna anayeitika. Kisha magurudumu tena, yakirudi.

Akalia. Uk, uk, uk. Sauti ndogo, ya kooni.

Shemeji Enoch alikuwa amekuja kula — kila Jumapili anakuja, tangu marehemu kaka yake, mume wangu, aage dunia kule kwenye kiwanda cha mbao. Akaacha mkate wa mahindi mkononi. Akasema huyo anamwita mama yake. Anajua, kwa sababu ndiye anayewatoa viotani na kumpelekea Bwana Tuttle. Wakiwa guniani wanalia hivyo hivyo, na mama anakuja mpaka ukingoni mwa maji, anakoroma, anamtazama.

"Sasa mbona unawachukua?"

"Kwa sababu Tuttle ananilipa. Na wewe anakulipa uwafunge. Usinikodolee macho, shemeji. Gunia langu na boksi lako ni ndugu."

Akamaliza sukuma wiki yake. Akiondoka akasema: usimpe jina. Ukimpa jina umekwisha.

Jumatatu, 12 Novemba

Barua za duka nazisoma mimi. Macho ya Bwana Tuttle hayasomi mwandiko wa mkono. Leo moja imetoka Chicago.

Ni Bwana Lucius Weems. Mwenyeji wa huku, ng'ambo ya mto, alikwenda kaskazini zamani. Anasema Septemba alimwagizia binti yake mamba mdogo, zawadi ya kutimiza miaka tisa. Jengo lao likabomolewa, wakahama kwa haraka. Je, boksi limerudi? Kama halikurudi, atumiwe jingine, kwani mtoto hana habari nyingine kinywani.

Ningeweza kusema palepale kwamba limerudi! Bwana Tuttle hakungoja.

"Mtumie mwingine. Mamba ni mamba."

Jioni nikasimama juu ya beseni. Kwa haki, wa kwenda ni huyu. Kalipiwa huyu. Leo amemeza nyenje mzima mwenyewe, bila kulishwa, na mistari ya manjano imeanza kurudi. Siku tatu tena gizani, na huko theluji imekwisha kuanguka...

Sikumpeleka.

Jumanne, 13 Novemba

Nimemfunga mwingine, kutoka pipa la duka. Mzito, mkali, mwenye afya. Nimemtandikia mara mbili. Nimemfunika kwa gazeti. Anwani mpya nimeiandika kwa herufi nzuri kuliko zote nilizopata kuandika. Kana kwamba herufi zina joto.

Jumatano, 5 Desemba

Barua nyingine ya Chicago, mwandiko wa penseli, mistari inapanda mlima. Nimeunakili hapa kwa sababu sitaki kuusahau, wala sitaki kuubeba kichwani tu.

"Kwa Bwana wa Mamba. Amefika, asante. Amelala tangu alipofika. Nimemweka karibu na jiko lakini haamki. Baba anasema amekufa, lakini Baba hajui mamba wa siku hizi, aliondoka huko zamani. Tafadhali niambie hulala siku ngapi. Nikimwimbia anasikia? Ni mimi, Corinthia Weems."

Nilimsomea Bwana Tuttle kwa sauti. Hakucheka, namshukuru kwa hilo. Alivua kofia akaitazama ndani kwa muda. Halafu akasema mwandikie tunasikitika, na utie orodha ya bei mpya.

Alhamisi, 6 Desemba

Sikutia orodha ya bei.

Nimemwandikia hivi: Mwanangu, hakulala. Baridi imemuua, na aliyemfunga ni mimi. Jina langu ni Vashti Pinder. Mamba akipoa sana damu yake husimama, na hakuna wimbo unaoifikia. Usijilaumu kwa jiko. Nikaandika pia — mkono uliandika kabla yangu — kwamba yule wa kwanza yu hai. Yuko nyumbani ninapoishi, kwenye beseni la bati. Nikaweka anwani ya Bi Mozell, si ya duka.

Nimeitia sandukuni mbio mbio, nisibadili nia.

Bwana Tuttle akijua, kazi imekwisha. Yangu, na ya Bi Mozell pia, maana mashati ya Bwana Tuttle yanafuliwa hapa. Sikumuuliza Bi Mozell. Nilipaswa kumuuliza.

Jumamosi, 22 Desemba

Amejibu!

Hanilaumu hata mstari mmoja. Ardhi ya huko imeganda, hawezi kuchimba, kwa hiyo amemzika kwenye chungu cha maua cha jirani, na jirani hajui. Kisha: "Yule wa kwanza ni wangu, si ndiyo? Risiti ninayo mimi. Mtunze mpaka Pasaka, tunakuja kwa bibi. Anaitwa Shemasi, kwa sababu shemasi wetu hutabasamu hivyo wakati wa kukusanya sadaka."

Nikamsomea Bi Mozell. Akaweka pasi chini. Akaketi. Akacheka mpaka machozi, akasema Bwana wee, hata wa hapa kwetu hutabasamu hivyohivyo! Akaenda zake uani, nikamsikia: "Wee! Shemasi! Hebu fungua kinywa nikuone."

Basi ana jina. Si mimi niliyempa.

Kaandika na maswali, kumi na moja. Nimejibu jioni nzima. Anakunywa maziwa? Hapana. Anaweza kulala miguuni pa kitanda? Hapana. Atajifunza kukaa ukimwambia kaa? Anakaa bila kuambiwa, na siku asiyotaka kukaa hakuna wa kumwambia. Atakuwa mkubwa kiasi gani? Mrefu kuliko kitanda chako na cha baba yako vikiungwa, na huenda akaishi kuliko mimi. Anaweza kukaa kwenye bafu letu? Siku moja atalijaza, ninyi mtaogea wapi?

Swali la kumi na moja: Je, atanipenda?

Hilo nimeliacha wazi. Nimeandika namba yake tu, 11, na nukta.

Jumapili, 13 Januari 1957

Baridi kali. Ni ile inayotokea mara moja kwa miaka mingi. Mashamba ya michungwa yamewasha moto kila upande, miti isigande, moshi umelala chini kama mto wa pili. Hatukwenda kanisani. Beseni tumeliingiza jikoni, mimi na Bi Mozell, kila mmoja upande wake, Shemasi katikati akisafiri kifalme.

"Nimezaa saba," kasema Bi Mozell, "hakuna niliyembeba hivi."

Mchana nimelala sakafuni kando ya jiko, kwenye mkeka wa viraka. Mwanga dirishani ulikuwa wa maziwa. Nikaota maji yamejaa nyumba hadi darini, lakini hatukuzama. Tulikuwa tunapumua polepole tu, na viti vinaelea, na mashati ya watu yanatembea yenyewe na mikono yao. Shemasi alipita juu yangu, mkubwa, mkubwa sana, tumbo jeupe, akipita taratibu kama wingu lenye safari yake. Kivuli chake kikanifunika kikaondoka. Sikuogopa. Nilitaka apite tena.

Nikaamka na tone la maji kwenye shavu. Alikuwa ametoka ndani ya beseni, kasimama sakafuni karibu na uso wangu, kafuata joto la jiko. Mimi nilikuwa njiani tu.

Bi Mozell anasema nampenda huyu mnyama kwa kuwa sikujaliwa mtoto. Si hivyo. Watu wanapenda kutafutia mambo sababu moja. Mimi nimeandika anwani miaka saba nikitazama vitu vikiondoka. Huyu alirudi. Basi.

Jumatatu, 18 Februari

Naandika mbio mbio, herufi zitanisamehe.

Bwana Tuttle kaja mwenyewe kuchukua mashati! Huwa anamtuma dereva. Leo jioni gari likasimama, yeye huyo, anazunguka nyumba mpaka uani kama mwenye nyumba. Nilikuwa nimechutama kando ya beseni na utumbo wa kuku mkononi.

Bi Mozell alichukua shuka lililolowa kwenye beseni la kusuuzia, zito, linachuruzika, akalibwaga juu ya Shemasi — pwaa! — na juu yake mashuka mengine mawili. Akaingiza mikono humo humo akaanza kufikicha.

"Mashati yako kibarazani, Bwana Tuttle. Nimeyatia wanga."

Akasimama. Akasema mbona Vashti anafua na utumbo wa kuku. Bi Mozell akasema tunapika supu, bwana, kwani wenzetu mnapika nini? Wakati huo shuka linapanda, linashuka. Linapanda, linashuka. Nami namwona Bi Mozell anafikicha huku midomo inasali.

Halafu: uk. Uk.

"Nini hiyo?"

"Tumbo langu," kasema Bi Mozell. "Uzee, bwana. Hukawii kuufikia."

Akaondoka haraka. Wanaume hawataki kusikia habari za matumbo ya wazee.

Gari lilipoishia barabarani, Bi Mozell akatoa mikono majini polepole, akavihesabu vidole kimoja kimoja, vyote kumi. Akaniambia bila kunitazama: mimi nimefua nguo za watu miaka hamsini na mbili na sijadanganya juu ya doa moja. Nikaanza kumwomba radhi. Akasema nyamaza, toa hayo mashuka kabla Shemasi hajakosa hewa.

Ijumaa, 15 Machi

Kaniuma.

Amefika urefu wa toka kiwiko hadi vidole. Nilikuwa nampa maini kwa mkono, jinsi ninavyompa kila siku. Akisikia hatua zangu anainua kichwa, nami hicho kichwa kinavyoinuka nilikuwa nakihesabu. Naandika ukweli. Nilikuwa nakihesabu kama salamu.

Leo akachukua ini akachukua na kidole cha shahada. Akajizungusha. Hivyo ndivyo wanavyofanya, najua, Enoch amenieleza mara mia — lakini kidole hakijui kusikiliza maelezo. Damu majini, kidogo, ikisambaa kwenye ile buluu.

Nililia, si kwa uchungu wa kidole. Nilimtazama machoni karibu kabisa, kwa muda mrefu, nikitafuta. Hakunichukia. Hakujuta. Jicho lilikuwa lile lile la siku ya boksi, asali na ufa. Kidole kilikuwa nyama inayotikisika, nami nilikuwa kivuli kinacholeta nyama.

Miezi mitano!

Bi Mozell kanifunga kwa kitambaa na mafuta ya taa. Hakusema nilikuambia. Ningependelea angesema.

Jumapili, 17 Machi

Enoch kanishika mkono, kaufungua ule ufungo, katazama, kaufunga. Kisha kaniambia nimfuate uani.

"Tembea."

Nikatembea kwenda kwenye beseni. Kichwa kikainuka.

"Umeona? Wewe unaona anakupokea. Mimi namwona mamba asiyeogopa watu, na mamba asiyeogopa watu hajapata kuzeeka. Siku atakapoifuata mashua ya mtu kuomba ini, mtu atampa risasi, atauza ngozi."

Nikamwambia asinitishe. Akasema hatishi, anahesabu majira. Aprili maji yanapata joto. Kuna ziwa nyuma ya kile kiwanda cha mbao cha zamani, lina nyasi nyingi, wadogo wanajificha vizuri. Akipelekwa mwezi huo, na kuanzia leo asione tena mkono wenye chakula, anaweza kuokoka. Anaweza tu, hakuapa.

"Ama umweke mpaka mmoja wenu afe. Ukitaka, nitakujengea kidimbwi cha saruji na seng'enge. Nitajenga kizuri. Lakini chagua, shemeji. Mamba hana nusu."

"Nimeahidi mtoto."

"Umemwahidi kitu cha nani?"

Nimemtupia Shemasi maini kwa kijiti jioni, nikiwa nimejificha nyuma ya shuka kwenye kamba. Kichwa kikainuka, kikageuka huku na huku.

Jumamosi, 20 Aprili

Maua ya michungwa yamefunguka yote kwa pamoja. Harufu inaingia mpaka kwenye mkate. Watu wanatembea kama wamelewa. Jana nilimwona Bwana Tuttle mwenyewe amesimama mlangoni kafumba macho.

Dukani watalii wa Pasaka wamejaa. Wameagiza mamba kuliko siku yoyote. Nimefunga, nimefunga, nimefunga. Na katika kila boksi, chini ya zile ndevu za miti, nimeweka kipande cha karatasi: Hawezi baridi. Hatanywa maziwa. Atakuwa mkubwa kuliko unavyodhani. Kama bado unamtaka, mpe jua. Sikutia sahihi, lakini mwandiko ni ule ule wa kwenye anwani. Atakayetaka kunijua atanijua.

Barua ya Bwana Weems imefika: wanaingia kwa mama yake kesho, watakuja kwetu Jumatatu. Enoch naye amesema atakuja Jumatatu, na gari lake na gunia. Sikuwaita wote siku moja. Wala sikumzuia yeyote.

Jumatatu, 22 Aprili

Naandika nikiwa kwenye ngazi za jikoni, saa nne asubuhi. Wako pale uani. Mikono yangu inahitaji kazi, ndiyo maana naandika.

Walifika kwa gari la kijani lenye vumbi la majimbo matano. Bwana Weems ni mrefu, mpole, kofia mkononi tangu getini. Akamwita Bi Mozell "mama" kabla hajajulishwa jina. Corinthia ana pengo la meno mawili mbele, soksi nyeupe, na kifuani kakumbatia mkanda mwekundu wa paka, wenye kengele.

Hakunisalimu. Alitembea moja kwa moja hadi kwenye beseni. Akainama kumtazama.

"Nilidhani ni mdogo."

"Alikuwa mdogo."

"Ananijua?"

Nilikuwa nimeandaa jibu zuri tangu Desemba. Likatoka kichwani. "Hapana, mwanangu."

"Wewe anakujua?"

"Alijua miguu yangu. Ilikuwa inaleta chakula."

Akatazama kidole changu, lile kovu jipya la rangi ya waridi. "Ni yeye?"

"Ni yeye."

"Ulimpiga?"

"Sikumpiga."

"Mimi ningempiga," akasema. Kisha, chini chini, "Halafu ningejuta." Akaipeleka mikono nyuma pamoja na ile kengele.

Hapo Enoch akaingia na gunia begani. Akamkuta Bwana Weems, wakatambuana — kumbe walivua samaki pamoja utotoni, kwenye daraja lile lililoanguka! Wakapigana mabega, wakaanza habari za samaki, kwa sauti kubwa, kama wanaume wanavyofanya wakiogopa kuzungumza jambo lililopo. Bwana Weems akalitazama gunia. Enoch akalitazama boksi la mbao lililokuwa nyuma ya gari la kijani, limetobolewa matundu, limetandikwa blanketi. Zile habari za samaki zikaisha zenyewe.

Corinthia akageuka. "Nani anaamua?"

Tukatazamana, watu wazima wanne.

"Risiti ni yako, Cori," kasema baba yake. "Nilikuambia tangu nyumbani. Lakini nilikuambia pia habari ya bafu."

"Beseni ni langu," kasema Bi Mozell, "nami nalitaka."

"Ziwa si la mtu," kasema Enoch.

Wakaningoja mimi. Nikasema nilimfunga mara ya kwanza bila kujua ni nani, nikamficha mara ya pili nikidhani namjua. Nikasema mkono wangu hautamfunga tena kwenye boksi lolote. Lakini sitamnyang'anya mtoto kilicho chake.

"Kwa nini ulimficha?" kaniuliza Corinthia. Kwa ukali. Ana haki. "Ungesema mapema, yule mwingine asingekuja kwenye baridi."

Ni kweli. Nimesema ni kweli. Baba yake akakohoa, na Bi Mozell akatazama kamba za nguo.

Ndipo Corinthia akasema anataka kuwa peke yake na Shemasi. Tukasogea. Bwana Weems amebaki hatua tatu nyuma, mikono imening'inia, tayari. Enoch ameliweka gunia chini kwenye majani, likiwa limefunguliwa mdomo. Boksi la mbao limeshushwa, liko kando yake, kifuniko wazi. Hatujapanga, vimewekwa tu, na sasa viko pale vyote viwili na hakuna wa kuviondoa.

Corinthia amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Anazungumza na Shemasi. Sisikii yote — upepo unaleta neno moja, maua ya michungwa yanameza mawili. Jengo. Ngazi. Kitu kuhusu theluji, inavyokuwa asubuhi kabla watu hawajaikanyaga. Anamweleza mji mzima. Shemasi yuko juu ya tofali lake, kidevu juani, macho yamefumbwa. Anaweza kuwa anasikiliza, anaweza kuwa halali wala haamki. Mwanga wa maji unacheza usoni pa mtoto na tumboni pa mamba, mwanga ule ule.

Sasa ameutoa ule mkanda mwekundu. Ameupima kwa macho na shingo yake. Shingo haiko, kichwa kimeshikana na mwili moja kwa moja. Ameuweka begani mwake.

Anavua viatu. Soksi. Anakunja mikono ya gauni. Bi Mozell anasema Bwana wee, Bwana wee.

"Bi Vashti!" Ananiita. Mara ya kwanza ananitaja jina. "Njoo ushike mkia. Mimi nitashika kichwa."

Baba yake amepiga hatua moja. Enoch ameinua mkono kumzuia, halafu ameushusha, anamwonyesha mtoto kwa mbali: nyuma ya taya, binti, bana kwa nguvu, usiogope. Corinthia hajasema anampeleka guniani au boksini. Hakuna anayeuliza.

Ananingoja, vidole viko juu ya maji. Naweka penseli chini —